Shukrani kwa mzee wa baiskeli, Ngamiani

Mzee wangu uliyesimama kutusaidia pale Ngamiani, Tanga, shikamoo. Uliondoka bila kutuachia jina, basi nakushukuru hadharani. Land Rover ya marehemu baba, Series III ya 1974, tulikuwa tunaitoa injini ya petroli na kuifunga ya dizeli ya lita 2.25, nayo ikagoma kabisa kukutana na giaboksi. Vijana wakataka kuivuta kwa bolti. Ukawazuia kwa upole. Ukapitisha shafti kuukuu ya giaboksi katikati ya pleti ya klachi mpaka ikakaa kwenye bushi ya krenki, yaani kitundu cha katikati mwishoni mwa mhimili wa injini, pleti ikakaa katikati sawasawa, ndipo ukakaza bolti za klachi kwa kupishana. Jeki ukaipandisha taratibu, ukipima kwa kidole mwanya kati ya injini na giaboksi, juu na chini. Ikaingia yenyewe! Mama alilia aliposikia gari linaunguruma. Mungu akuzidishie afya, mzee wangu.