Kwa wanangu mnaotunga wawili wawili

Wanangu watunzi,

Nawasalimu. Juzi nilipita pale mazoezini nikakuta mlango umerudishwa, na ndani watu wawili wanagombana. Sikuingia, ila masikio hayana mlango. Mmoja anasema wimbo ni wake kwa kuwa sauti kaitoa yeye. Mwingine anajibu kwamba bila maneno yake hiyo sauti ni mluzi tu. Kisha mwenye gitaa akatupa neno: "Mimi nimemaliza kwa usiku mmoja, wewe mwezi mzima unahangaika na beti tatu!"

Hilo la mwezi mzima ndilo lililonikalisha niandike.

Nataka niwape habari za Wamarekani wawili, Richard Rodgers na Oscar Hammerstein. Mnawajua ila hamjui kama mnawajua. Ile filamu ya mwalimu wa nyimbo na watoto saba kule milimani Austria, The Sound of Music, ni kazi yao, na kabla ya kuwa filamu ilikuwa mchezo wa jukwaani, mwaka 1959. Rodgers alitia muziki, Hammerstein alitunga maneno.

Walipoungana hawakuwa vijana. Rodgers alikuwa ametunga zaidi ya miaka 20 na Lorenz Hart, fundi wa maneno aliyezidiwa na pombe hata ikawa kazi kumpata. Kwa Hart, muziki ulitangulia, maneno yakafuata. Alipokuja Hammerstein wakageuza mambo: maneno kwanza. Wazee wa taarab hapa kwetu wasingeshangaa, maana kwao shairi likija limekamilika ndipo linatafutiwa sauti. Kule Broadway, mtaa wa majumba ya michezo New York, lilikuwa jambo la kuangaliwa mara mbili.

Hammerstein alikuwa mzito wa kuandika. Aliishi shambani Pennsylvania, akiandika amesimama kwenye meza ndefu, anatembea, anarudi, anafuta neno moja. Wimbo wa kufungulia Oklahoma!, mchezo wao wa kwanza pamoja, beti chache tu juu ya asubuhi nzuri shambani, ulimchukua wiki kama tatu. Rodgers akautia muziki kwa dakika zisizofika kumi. Sasa wewe mwenye gitaa, usikimbilie kucheka. Zile dakika kumi zilipanda juu ya mgongo wa zile wiki tatu. Maneno yalikuja yamekwisha pimwa, kila silabi na pumzi yake, kazi ya mwenzake ikawa kuyasikiliza tu.

Na angalieni walivyoufungua mchezo. Watu wa Broadway walizoea pazia likifunguka waone wasichana wamejipanga wakicheza. Hawa wakamweka mwanamke mmoja, mtu mzima, anasukasuka maziwa apate siagi, na sauti ya mwanamume inaanza kuimba akiwa bado hajaonekana. Mchezo ulianza New York tarehe 31 Machi 1943 ukaonyeshwa mara 2,212.

Hammerstein hakulewa sifa. Miaka kumi iliyotangulia alikuwa ameanguka mara nyingi. Mwezi Januari 1944 alilipia tangazo kwenye gazeti la wasanii, akaorodhesha michezo yake iliyobuma, huu wiki sita, ule wiki tatu, na chini yake akaandika kwamba amewahi kufanya hivyo na anaweza kufanya tena. Mimi ningeficha.

Kuhusu fedha, ambayo ndiyo mliyokuwa mkiigombania hasa (msinidanganye): baba zao wote wawili waliitwa William, basi kampuni yao ya kuchapisha nyimbo wakaiita Williamson. Jina la mmoja halikumeza la mwingine. Na lilipokuja jambo zito walisimama pamoja. Katika mchezo wao South Pacific, 1949, kuna wimbo unaosema mtoto hazaliwi na chuki, chuki hufundishwa. Waliambiwa wautoe kwa sababu utawaudhi watu wanaotaka weupe na weusi wakae mbalimbali. Walikataa, wote wawili.

Lakini sikuandika ili muwaone malaika. Walikuwa wakitayarisha mchezo wao The King and I, uliotoka 1951. Hammerstein alihangaika wiki kadhaa na wimbo mmoja wa mama mjane anayewaombea heri vijana wapendanao. Akaumaliza, akaupenda, akamtuma mtu ampelekee Rodgers. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Siku ya nne simu ikalia, Rodgers akaongea mambo mengine ya kazi, mwishoni kabisa akasema yale maneno ameyapata, yanafaa. Basi. Hammerstein hakumjibu kitu. Alikwenda kummwagia rafiki yao mwingine uchungu wote.

Walikaa hivyo miaka 17, wakaheshimiana, na sijui hata mmoja aliyemwelewa mwenzake. Hammerstein alifariki Agosti 1960 kwa saratani ya tumbo. Wimbo wake wa mwisho ulikuwa Edelweiss, maneno machache juu ya ua dogo jeupe, mepesi hata leo watu hudhani ni wimbo wa kale wa Waaustria wenyewe. Rodgers aliishi miaka 19 zaidi. Alitunga na wengine, mmoja wao Stephen Sondheim, yule ambaye Hammerstein alimkalisha alipokuwa kijana wa shule, akamwambia mchezo alioandika ni mbaya kabisa, kisha akampitisha mstari kwa mstari mchana kutwa. Kazi ya Rodgers na Sondheim, 1965, ilijaa ugomvi. Nyimbo kama zile za awali hazikurudi.

Mimi nawe mwenye gitaa tuna letu. Ubeti wa tatu wa mwenzako niliusoma ukutani pale mlipoubandika, na najua nawe umeusoma, maana nilikuona Jumapili umesimama mbele yake ukiurudia kwa midomo bila sauti. Mpigie simu leo. Mwambie, kabla hujamuuliza habari za kukodi spika.

Babu yenu