Abiria wa njia ya Mbeya, msiwatupie nyani chakula Mikumi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na abiria wa njia ya Mbeya, hasa wanaopenda kukaa dirishani. Mimi ni kondakta wa basi. Mnyama akigongwa kwenye Hifadhi ya Mikumi, lawama zote humwendea dereva, na mara nyingi anastahili: vibao vinasema kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na wapo wanaovipita kama mabango ya soda. Hao wana trafiki na faini zao. Leo nasema na sisi tulioketi nyuma ya dereva.

Basi likishaipita Doma watu wanaamka. Simu zinatoka, mapazia yanavutwa, mtu akisema "tembo!" upande mzima unahamia ule mwingine. Hilo halina ubaya. Mwananchi anaona twiga na nyati bila kulipa kiingilio, kwenye kilomita kama 50 za lami inayokatiza hifadhi. Hata mimi bado nachungulia.

Shida ni kwenye matuta. Dereva akipunguza mwendo, vioo vinafunguliwa: maganda ya ndizi, magunzi, mifupa ya kuku, chupa zenye soda kidogo chini. Nyani wameshatujua. Wanakaa pembeni mwa tuta, majike na watoto mgongoni, na dume kubwa karibu kabisa na mstari mweupe. Honi haimshtui. Anaangalia madirisha, haangalii matairi. Ganda linaangukia katikati ya lami, anaingia kulichukua, na nyuma yetu kuna lori la Zambia na tela lake. Aliyetupa haoni kinachofuata, maana siti yake imeshapita.

Halafu usiku fisi anaufuata mzoga wa nyani aliyegongwa, naye anagongwa. Malori ya nafaka nayo yana lao: turubai likichanika, punje zinamwagika barabarani na ngiri wanazifuata.

Nikikemea, naambiwa, "Konda, wana njaa hao." Njaa gani? Mbuga ya Mkata iko palepale, hifadhi ina kilomita za mraba 3,230, na nyani anakula matunda, mizizi, mbegu na wadudu tangu kabla biskuti hazijatengenezwa. Kulisha wanyama ndani ya hifadhi ni marufuku, na kutupa taka pia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, tukashangilia, lakini chupa na makaratasi ya biskuti bado vinaruka madirishani.

Wapo wanaosema barabara ihamishwe. Sawa, lakini barabara hiyo ilitangulia: ilijengwa miaka ya 1950, hifadhi ikatangazwa 1964, na leo inabeba mizigo ya Zambia, Malawi na Kongo. Hata ikiamuliwa leo kuihamisha, itachukua miaka. Kufunga kioo ni kazi ya mkono mmoja.

Makondakta wenzangu, na sisi tuna sehemu yetu. Wengi tunagawa soda na biskuti tukishatoka Morogoro, kwa hiyo abiria anamaliza kunywa akiwa katikati ya hifadhi, chupa tupu mkononi, kioo wazi. Tugawe mapema, tukiwa bado hatujafika Chalinze. Mimi nikifika Msamvu, stendi ya Morogoro, napitisha kiroba siti kwa siti, kila mtu anaweka chake. Wapo wanaonitania kwamba nimekuwa bwana afya. Sawa tu, mradi kiroba kinajaa. Akina mama wenye watoto ndio hunisaidia zaidi. Mtoto akishaambiwa mara moja, anamsimamia hata babu yake.

Ombi langu kwa wenye mabasi ni kwamba kiroba hiki kiwe sehemu ya kazi, kama tiketi ilivyo, kisitegemee hiari ya konda. Na kwa halmashauri zenye stendi njiani: tuwekeeni mapipa yenye mfuniko. Kuna stendi moja, sitaitaja, ambako pipa hufurika na taka zetu zote huishia mtaroni, kwa hiyo mara nyingi kiroba cha Msamvu nalala nacho ndani ya basi mpaka Mbeya.

Kondakta wa basi,
Mbezi, Dar es Salaam