Feni ya maji si kiyoyozi, hasa kwetu sisi wa Pwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwatahadharishe wasomaji wenzangu wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar wanaojiandaa kununua feni kabla joto la Desemba halijatukuta, kwa sababu msimu uliopita nilitoa fedha nyingi kwa chombo ambacho hakikuwa kibovu hata kidogo, ila hakikufaa kwa hali ya hewa ya kwetu.

Chombo chenyewe ni feni ya maji, lile kasha refu la plastiki lenye magurudumu, tangi la maji chini na, mgongoni, pazia lenye matundu mfano wa sega la nyuki. Muuzaji aliniwashia palepale dukani, nikapigwa na upepo wa baridi, nikalipa. Wala sikujiuliza kiyoyozi cha kweli kilichokuwa kinanguruma ukutani mwake kilikuwa na mchango gani. Nilipokifikisha chombo changu nyumbani Temeke, usiku wa kwanza nilijiona nimepata nafuu, wa pili nikaamka shuka zina unyevunyevu, na haikupita wiki ya tatu mlango wa kabati la mbao ukavimba ukakataa kufungika.

Feni ya maji hupooza hewa kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, na mvuke huo huondoka na sehemu ya joto la hewa inayopita. Jambo hilo huhitaji hewa kavu. Usiku wa Machi hapa Dar es Salaam, wakati unyevu hewani hupita asilimia 80 mara kwa mara, maji hayana pa kwenda, hivyo chumba kilichofungwa madirisha huzidi kuwa kizito na jasho hukataa kukauka mwilini. Hatimaye nilimpa kaka yangu anayeishi Dodoma, na huko, katika ukavu wa Oktoba, chombo kilekile kinasifiwa na nyumba nzima, mradi dirisha liachwe wazi kidogo.

Feni za kawaida hazidai kupooza hewa. Zinaisukuma tu ili jasho likauke upesi, na kwa mtu wa Pwani hilo ndilo linalotakiwa. Kwa chumba chenye dari nzuri bado sijaona cha kulishinda pangaboi, yaani feni ya kuning'inia juu, ambalo hueneza upepo kitanda kizima na, lile la kawaida, hutumia wati 60 hadi 75, yaani likizunguka usiku kwa muda wa saa kumi halimalizi hata uniti moja ya umeme wa LUKU, ilhali kiyoyozi kidogo huweza kuvuta wati 900 kila mashine yake inapofanya kazi. Lakini katika nyumba ya bati isiyo na dari, pangaboi mchana hutushushia joto lililojikusanya chini ya bati, na hapo ningechagua feni ya kusimama, niiweke karibu na dirisha usiku ili ivute hewa ya nje iliyokwisha kupoa. Feni ya mezani inamfaa mtu mmoja anayesoma au kushona, na ile ya kuchaji ni ya siku umeme unapokatika. Zaidi ya hapo sina la kuzisifia.

Kabla ya kununua jingine, pangaboi lenu likianza kuzunguka kwa uvivu, au likingoja kusukumwa kwa mpini wa ufagio ndipo liamke, mwiteni fundi alitazame, kwa maana mara nyingi kilichochoka ni kapasita tu, kipande cha bei ndogo anachokibadilisha kwa dakika chache. Futeni na mapanga yake, kwani vumbi lililoganda upande mmoja hulifanya litikisike.

Ombi langu kwa wafanyabiashara ni kwamba wanapouza feni ya maji waache kuiita kiyoyozi, na maboksi yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kuwa chombo hicho ni cha sehemu kavu. Boksi la kwangu lilikuwa na picha ya theluji na maandishi ya lugha ambayo hata muuzaji hakuifahamu.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam