YAH: Malalamiko kuhusu majani ya bay makavu, pakiti za gramu 50

Kwa Meneja wa Ubora,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Sisi ni wapishi wa shughuli na tunanunua viungo vyenu kwa jumla.

Lebo yenu imeandikwa Laurus nobilis, yaani jina la kitaalamu la mti wa bay, lakini ndani mna majani ya miti miwili tofauti. Jani la bay lina mshipa mmoja mkuu katikati, na vijishipa vidogo vinachepuka kila upande kama miiba ya samaki. Urefu wake kwa kawaida ni sentimita 5 hadi 10. Mengi ya kwenye pakiti ni marefu zaidi, nayo yana mishipa 3 inayokwenda sambamba toka karibu na kikonyo hadi nchani. Hayo ni tej patta, Cinnamomum tamala, jamaa ya mdalasini. Si majani mabaya, na biriani ya Kihindi inayataka. Ila yananukia mdalasini na karafuu, wakati bay ina harufu kali inayokaribia mkaratusi. Kwenye pilau, ambayo mdalasini na karafuu zimo tayari, yanazidisha kilichopo tu. Kwenye supu ya samaki yanaharibu kabisa. Na bei mliyotutoza ni ya bay.

Yale ya bay yenyewe yamechakaa. Jani zuri kavu hubaki na ukijani uliofifia, na ukilivunja linatoa harufu papo hapo. Haya ni ya kahawia na hayanuki kitu. Ama yalianikwa juani badala ya kivulini, ama yamekaa ghalani muda mrefu. Na hiyo plastiki angavu mnayofungashia, inayoning'inizwa dukani kwenye mwanga, inamalizia kazi. Tarehe ya kufungasha haitusaidii. Andikeni ya kuvunwa.

Vipande vilivyovunjika navyo ni vingi mno. Jani hili halilainiki hata likichemka saa 2, ndiyo maana hutiwa zima na kuopolewa kabla ya kupakua. Kipande chenye ncha kikijificha kwenye wali kinaweza kumkwama mlaji kooni.

Halafu kuna maelekezo ya nyuma ya pakiti: majani 8 kwa kilo 1 ya nyama, yatiwe dakika 5 kabla ya kuepua. Nani aliyeandika haya? Jani kavu hutoa ladha polepole. Liingie nyama inapoanza kuchemka, au kwenye mafuta pamoja na hiliki kabla kitunguu hakijaanza kubadilika rangi, kisha lipikike nusu saa au zaidi. Kilo 1 ya nyama inatosheka na majani 2 au 3. Anayefuata lebo yenu haonji kitu zile dakika 5, anaongeza mengine, anayaacha sufuriani, na mchuzi ukipashwa kesho yake unakuwa mchungu kama dawa.

Tunataka turudishiwe fedha za shehena yote, au tupewe bay tupu, majani mazima. Tej patta iuzwe kwa jina lake. Maelekezo ya pakiti yarekebishwe kabla ya kuchapwa tena.

Tumeambatanisha risiti, na majani ya aina zote mbili katika bahasha tofauti. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Wapishi wa shughuli, wateja wa jumla