Ngumi ya kupitia juu si ya kubahatisha

Mhariri,

Katika mazoezi ya ndondi hapa Mombasa, vijana wengi huirusha ngumi ya kupitia juu, ile ya mkono wa nyuma inayopita juu ya mkono wa mpinzani na kushuka, kana kwamba wanatwanga kinu. Mkono unarudi nyuma kwanza, mpinzani anauona, na kidevu kinabaki wazi.

Wakati wake mzuri ni pale mpinzani anapotupa jabu, yaani ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele. Kwa anayesimama mguu wa kushoto mbele, hatua ndogo ya mbele na kushoto hukiondoa kichwa kwenye mstari, jabu ikapita juu ya bega la kulia. Kisigino cha nyuma kigeuke, nyonga na bega vifuate, kiwiko kiinuke, ngumi ivuke juu ya mkono wa mpinzani na kushukia taya. Mkono wa kushoto usibanduke kidevuni. Igonge kwa vifundo viwili vya kwanza. Ikitua kwa upande wa kidole kidogo, mfupa wa kiganja huvunjika kwa urahisi, hasa kwa glavu za aunsi 4 za mapigano mseto (MMA).

Katika mapigano hayo mseto, mpiganaji akijifanya anashuka kukamata miguu, mpinzani huteremsha mikono na taya hubaki wazi. Lakini kichwa kikiinama mno hukutana na goti. Katika ndondi kosa kubwa ni kuizungusha ngumi hii hadi kisogoni. Ni marufuku na ni hatari kwa maisha. Tunawasihi makocha wasimruhusu mwanafunzi kuijaribu kwa mwenzake kabla hajaimudu polepole kwenye gunia.

Wakufunzi wa ndondi,
Likoni, Mombasa