Kabla Hujaniambia Nimekuuzia Mpira wa Watoto

Jumatatu asubuhi, hata sijamaliza kufagia mlangoni, jamaa mmoja aliweka pakiti ya vyambo vya mpira juu ya meza ya duka langu la vifaa vya uvuvi. "Kaka, hiki si chambo. Umeniuzia mpira wa watoto." Jumamosi tatu mfululizo ameenda bwawa la Hombolo, hapa kwetu Dodoma, na hajapata hata perege wa kidole. Ametoa nauli, amelipia soda za vijana wa pale, ameunguzwa na jua, na nyumbani mkewe ameshaanza kumwita mvuvi kwa sauti ya kejeli. Anataka pesa yake.

Ni wa nne tangu mvua ziishe, ndiyo maana naandika.

Sikubishana naye. Nilimwomba anionyeshe alivyofunga. Akatoa kwenye mfuko wa rambo kamba ya nailoni nene, ile ya kuanikia nguo. Chubwi lake, yaani uzito wa kuzamisha kamba, lilikuwa nati ya baiskeli. Chambo changu cha mpira kilikuwa kimechomekwa kwenye ndoana kubwa ya kambale, kimejikunja kama herufi S. Kichwa cha risasi, yaani kipande cha madini ya risasi kilichoshikana na ndoana, ambacho nilimshauri anunue pamoja na chambo, alikiona ghali akakiacha dukani.

Mpira peke yake haufanyi lolote majini, na hapa ndipo wengi wanapojipunja. Kinachofanya kazi ni kichwa cha risasi chenye ndoana yake: ndicho kinachokizamisha chambo kikiwa kimenyooka, na ndicho kinachoutikisa mkia. Chambo kikikaa upande, kitazunguka kama feni, mshipi utajisokota, na baada ya kurusha mara ishirini utakuwa na fundo linalohitaji wembe. Kambale hakimbilii feni.

Wateja wangu wengi, hasa watumishi waliohamia kutoka Dar na vijana wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wameona uvuvi huu kwenye video. Mtu amesimama ukingoni mwa Seine, katikati ya Paris, anarusha kichambo karibu na nguzo ya daraja, anavuta haraka haraka, samaki huyo. Ni kweli kabisa, hawadanganyi. Ila samaki wawindaji wa mito ile wengi huwinda kwa macho, na maji yanatembea. Sisi mji wetu hauna mto wa namna hiyo. Makorongo yanayopita mjini hubeba maji siku za mvua, kisha yanabaki mchanga. Mto wa mjini wenye maji mwaka mzima ambao mimi huwapeleka watu kujifunza ni Ruaha Mdogo, pale Ipogolo, Iringa. Pale tunarusha kidogo kuelekea maji yanakotoka, tunaacha mkondo ukibebe chambo, mshipi ukiwa umekazwa wakati wote, na kichwa cha gramu 10 hadi 14 ndicho kinachogusa chini.

Sasa chukua kichwa hicho cha gramu 14 ukirushe Hombolo. Bwawa lile lilijengwa mwaka 1957, na tangu wakati huo mvua zimelijaza tope kutoka mashambani. Risasi nzito inazama kwenye tope na chambo chote kinazikwa. Unavuta, unaona kizito, unadhani umepata, unatoa bonge la udongo. Kwa Hombolo nakuuzia gramu 5, au 7 upepo ukiwa mkali. Ukinibishia ukachukua kubwa "ili kiende mbali", chukua tu, lakini usije ukaniambia bwawa halina samaki.

Halafu kasi. Kambale ana macho madogo, na anaishi kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Anatafuta kwa sharubu, kwa harufu, na kwa kuhisi maji yanavyotikisika. Ndiyo maana kule Seine unavuta haraka, huku unavuta kama mtu anayetembea na mtoto mgonjwa mgongoni. Rusha, subiri mshipi ulegee, ujue chambo kimefika chini. Inua ncha ya fimbo kiasi cha kiganja, shusha, subiri. Mara nyingi anauma kikiwa kinashuka, na wala hashtui: unaona mshipi unasogea pembeni polepole, au unalegea kabla ya wakati wake. Hapo ndipo unakaza. Fuvu la kambale ni gumu na mdomo wake una vijino kama msasa, kwa hiyo ndoana butu inateleza, na uzi mwembamba unasagika. Ule uzi mfupi mnene ninaokufungia mbele ya mshipi, watu wanaouita "nyongeza ya kutuibia", kazi yake ni hiyo.

Kuna mzee mmoja wa Hombolo ambaye kila nikifika na wanafunzi nami nikimwamkia kwa Kigogo, "mbukwenyi," anaitikia, kisha anacheka. Anauliza, chambo kisicho na harufu kambale atakijuaje? Mwaka wa kwanza nilimwona anapinga maendeleo. Mwaka wa pili nilianza kutwanga dagaa, nikachanganya na mafuta kidogo ya kupikia, na kuvisugua vyambo kwa mchanganyiko huo kabla ya kurusha. Bado anacheka, lakini sasa anacheka akiwa amesogea karibu kuangalia.

Na sitaficha: kwenye maji machafu sana, mnyoo wa kweli unaushinda wa mpira siku nyingi. Sasa nitafutie mnyoo Dodoma mwezi wa tisa. Chimba uwani kwako Kizota au Ihumwa uone kama utapata kitu zaidi ya vumbi. Na ukiupata, vifaranga vya perege wataudokoa hadi ubaki na ndoana tupu. Mpira nao wanaudokoa, perege ni wezi wakubwa wa mikia, lakini angalau kiwiliwili kinabaki. Anayetaka perege mwenyewe asinunue chambo cha mpira kabisa. Chakula chake kikubwa ni uoto na vijidudu vya majini, hana haja ya kufukuza kitu. Nimewarudisha wateja wa namna hiyo na elfu tisa zao mkononi, jambo ambalo wanaoniita mwizi hawalisimulii.

Hasara nyingine inatokea nyumbani, si bwawani. Dada mmoja alinunua pakiti tatu za rangi tofauti, akazichanganya zote kwenye kikontena kigumu cha chakula, akakiacha juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani mchana kutwa. Jioni alikuta kitu kama ugali wa rangi tatu, na kikontena chenyewe kimelainika na kunata. Ndani ya vyambo hivi kuna kilainishi, ndicho kinachovifanya vitikisike, na kilainishi hicho hula baadhi ya plastiki ngumu. Rangi nazo huhamiana. Vibaki kwenye pakiti yake ya mwanzo, kila rangi peke yake, kivulini, vikiwa vimelala vimenyooka. Kilichojikunja, kitumbukize kwenye maji ya moto sekunde chache, kinyooshe, kitie kwenye maji ya baridi.

Kilichokatika usitupe majini, hakiozi. Pasha ncha mbili kwa kiberiti cha gesi hadi ziyeyuke, ziunganishe, zishike mpaka zipoe. Fanya nje, moshi wake si mzuri. Ukishindwa, niletee vibovu kumi nikupe kipya kimoja.

Bei. Pakiti ni 9,000, vichwa vya risasi vitatu ni 6,000, somo la nusu siku Hombolo ni 35,000 bila nauli. Najua kuna pakiti za 3,000 sokoni. Nimezijaribu. Nyingi ni ngumu, ukivuta taratibu mkia umekufa, na bila kuvuta taratibu huku hupati kitu. Jamaa wa Jumatatu, tukipiga hesabu ya nauli na soda za Jumamosi tatu, alikuwa ameshapita bei ya somo.

Mnaovua bwawa la Mtera nanyi: hii mbinu inafaa kule, lakini simama nchi kavu, mbali na matete. Kuna mamba na viboko, na mimi siuzi chambo cha kuwavua hao. Pia pita ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize kibali kabla ya kurusha, usisubiri kuulizwa.

Yule jamaa sikumrudishia pesa. Nilimfungia upya bure: kichwa cha gramu 5, uzi mnene mbele, chambo cheusi, kwa kuwa kwenye maji ya tope cheusi huacha kivuli kinachoonekana. Nikampa na kichupa cha dagaa. Jumatatu iliyofuata aliingia na picha kwenye simu, kambale amelala juu ya beseni na mkia unaning'inia nje. Hakusema samahani. Alitaka pakiti mbili nyeusi, na akaomba punguzo.