Cheti cha zege ni cha kyubu, si cha nguzo

Ndugu Mhariri,

Kila ghorofa linapoporomoka, iwe lile la mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013 au la Kariakoo Novemba 2024, watu huuliza kama zege lilipimwa. Mimi nimevunja zege maabara hapa Dar es Salaam mpaka nikastaafu, na swali langu ni jingine: hilo lililopimwa lilichotwa wapi, na nani alilichota?

Kwa wasioijua kazi hii: siku ya kumwaga zege, visanduku vya chuma vya milimita 150 kila upande hujazwa na kushindiliwa. Kesho yake kyubu, yaani mabonge ya zege yaliyoganda humo, hutolewa, huandikwa tarehe na kutumbukizwa kwenye tangi la maji. Baadhi huvunjwa siku ya 7, zilizobaki siku ya 28. Zege la daraja la 25, yaani nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, linatakiwa kuhimili kilonyutoni 562 hivi, yaani karibu tani 57 juu ya kitu unachoweza kukibeba kwa mikono miwili. Kyubu nzuri hupasuka kwa kishindo, mbavu zote nne zikabanduka, katikati kikabaki kiuno cha nyigu.

Sasa, siku moja zililetwa kyubu sita kutoka kwenye jengo ambalo silitaji. Zilikuwa nyeusi kwa saruji, nyuso laini kama zimepigwa lipu. Mashine ilifika 38 wakati mchoro ulitaka 25. Dereva aliyezileta akacheka: "Hizo za maabara, mzee. Zilichanganywa pembeni, kwenye toroli." Nilimweleza mkubwa wangu, akanijibu kwamba sisi hatuchungulii toroli za watu. Cheti kikatoka, nami nikakitia saini. Hakikuwa na uongo hata kidogo, maana chini yake kuna mstari wa maandishi madogo usemao kwamba matokeo yanahusu sampuli zilizoletwa tu. Sijapata kumwona mwenye jengo akiusoma.

Hata pasipo ujanja, kyubu hula raha. Inaoga siku 28, wakati slabu kule juu inapigwa na jua na kumwagiwa maji siku mbili, tatu, basi. Tena sampuli ikishachotwa, fundi anayetaka zege liteleze vizuri huongeza ndoo ya maji, na nguvu inapungua hapo hapo.

Ombi langu kwa wanaosimamia ujenzi ni kwamba sampuli ichotwe na mtu wa maabara mwenyewe, bila kutoa taarifa, pale pale zege linapomwagwa, na maabara ilipwe na mwenye jengo, si mkandarasi. Penye shaka, zege lililokwishakauka likatwe vipande vya mviringo kutoka kwenye nguzo yenyewe, vivunjwe.

Na wewe unayejenga kwa kudunduliza, usiye na fedha ya maabara, angalau pima nondo. Ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7 hivi, ikipungua nusu kilo, vumilia. Mizani ya muuza vyuma chakavu inatosha. Ukiona kilo 8, irudishe dukani kabla haijakunjwa.

Fundi sanifu mstaafu,
Dar es Salaam